TAHADHARI: Anayejinadi ana opali ya moto anauza kioo!

Jamani, mkwepeni yule muuzaji wa vito anayetangaza opali ya moto kutoka Mexico. Ameniuzia kioo. Kioo cha kuyeyushwa!

Alilifungua jiwe taratibu kutoka kwenye kitambaa cheusi, akalimulika kwa tochi upande wa nyuma. Likawaka rangi ya chungwa iliyokolea. Nikamuuliza, mbona halina vile vimeta vya rangi mbalimbali? Akanijibu bila kusita: opali ya moto sifa yake ni rangi ya jiwe lenyewe, kuanzia njano hadi nyekundu, inayoletwa na chembe za oksidi ya chuma, na nyingi hazina vimeta. Ni kweli kabisa! Akataja machimbo ya Querétaro, huko Mexico. Kweli pia. Mtu anayejua kazi hivyo ungemshuku kwa lipi? Akachomoa kisu, akalikwaruza mbele ya macho yangu, halikupata hata alama. Nikamwambia basi tulipeleke kwa sonara kwanza. Sauti ikalainika: "Dada yangu, opali ina maji ndani yake. Taa za sonara zitalikausha lipasuke, nani atanilipa?" Na opali kweli huweza kupata nyufa ikikauka kwa joto. Nikalipa. Hadi sasa naona aibu kusimulia, lakini wa kuaibika ni yeye!

Baadaye nikalipeleka kwa sonara, naye hakuhitaji hata joto. Kwenye lenzi, viputo vya duara vimejaa. Refraktomita, kifaa cha kupima jinsi jiwe linavyopinda mwanga, ikasoma 1.52, wakati opali ya moto huwa kati ya 1.37 na 1.47. Uzito nao: opali ni kama mara 2 ya maji, hili likatoa 2.5.

Kisu hakithibitishi chochote, maana ugumu wa opali ni 5.5 hadi 6.5 kwa kipimo cha Mohs, na kioo kiko hapo hapo. Viputo, uzito usiolingana na ukubwa, muuzaji kukataa jiwe lipimwe, basi ondoka. Ila mimi nataka akamatwe! Arudishe pesa za watu wote, afungwe, asiuze tena hata kokoto. Simu zangu hapokei, na bado anatangaza "mzigo mpya". Kama kakuuzia na wewe, weka picha ya jiwe na ya risiti, twende polisi pamoja.