Seti ya kupimia dola za fedha: mizani yake ni moto, lenzi yake tupa

Wadau wa sarafu za zamani, naongelea hii seti inayouzwa mtandaoni, kale kaboksi kenye mizani ndogo ya dijitali inayosoma hadi gramu 0.01, vernia ya plastiki (kipimo cha kupimia upana na unene), sumaku na lenzi. Mimi nimeichukua kwa ajili ya dola za fedha za Marekani, zile Morgan (1878 hadi 1904, afu 1921) na Peace (1921 hadi 1928, afu 1934 na 1935), maana feki zake zimejaa kila kona na watu wanapigwa hela za maana.

Nianze na mizani sababu ndo roho ya seti nzima. Morgan halali ina gramu 26.73, Peace hivyo hivyo, asilimia 90 fedha na 10 shaba, kipenyo milimita 38.1. Ikiwa imesagika kwa kutumika itapungua kidogo na hiyo ni kawaida kabisa, ila ukiona 24 au 22 mrudishie mwenyewe usipoteze muda. Shida ni kwamba feki nyingine zinatoka na uzito sahihi kabisa, na hapo ndo utamu wa hii mizani unapoanza, kwa sababu inakupa mpaka densiti, yaani uzito ukigawa kwa ujazo. Weka kikombe chepesi chenye maji juu ya mizani, bonyeza tare isome sifuri, afu funga sarafu kwa uzi mwembamba uining'inize izame yote bila kugusa chini wala pembeni, kisha soma namba. Halali inakuja karibu na 2.58, ndo uzito wa maji iliyoyasukuma, na 26.73 ukigawa kwa hiyo 2.58 unapata kama 10.36, karibu kabisa na densiti ya fedha ya asilimia 90. Feki ya shaba na nikeli yenye uzito uleule itakupa karibu 3.00. Yaani tofauti ya gramu 0.4 tu, mizani ya jikoni wala haishtuki, hii inaiona, na sarafu haipati hata mkwaruzo. Futa kwa kugusagusa na kitambaa laini, USISUGUE.

Kinachokera ni kwamba inajizima haraka, saa nyingine uzi bado uko mkononi na kioo kimeshazima, inabidi uanze upya.

Sumaku inafanya kazi yake, sarafu ikinasa jua ndani ni chuma, ila isiponasa usishangilie maana mchanganyiko wa shaba na nikeli nao haunasi. Vernia ni ya kawaida tu, inatosha kuona kama sarafu imenenepa kuliko inavyotakiwa.

Lenzi sasa, hapana kwa kweli. Wameandika inakuza mara 30 lakini pembeni kote ni ukungu, tafuta lenzi ya sonara ya mara 10 tu lakini safi. Na huwezi kuikwepa, kwa sababu kwenye hizi dola bei inakaa kwenye herufi. Geuza Morgan, chini ya shada, juu kidogo ya neno DOLLAR, ndo kuna alama ya kiwanda: CC ni Carson City, O ni New Orleans, S ni San Francisco, D ni Denver na hiyo ni ya 1921 tu, pasipo na herufi ni Philadelphia. Morgan ya 1921 ya Philadelphia zilitengenezwa zaidi ya milioni 44, kwa hiyo iliyochakaa bei yake haiendi mbali na fedha iliyomo, wakia 0.7734, zidisha na bei ya soko ya siku hiyo. Ila 1893 yenye S zilikuwa 100,000 tu, na hapo ndo matapeli wanachukua 1893 halali ya Philadelphia wanaibandika S. Hiyo itapita mizani, itapita maji, itapita sumaku, kila kitu, maana fedha ni ya kweli! Angalia mguu wa hiyo herufi kama kuna mstari wa maungio au rangi inabadilika, afu hamia mbele kwenye neno LIBERTY, zile halali zina kimstari kidogo kilichoinuka juu kwenye T.

Mizani naipa 5 kati ya 5, lenzi 1, na kama kuna muuzaji anayeuza mizani peke yake chukua hiyo. Ila kwa 1893-S hata ukiiona T iko sawa usilipe kabla haijapita PCGS au NGC, zile kampuni zinazokagua sarafu na kuzifungia kwenye kasha lenye namba, na kama tayari iko ndani ya kasha lao ingiza ile namba kwenye tovuti yao uhakiki, makasha nayo yanafekiwa siku hizi.