Fremu Inayofunguka Kama Dirisha: Huduma ya Fundi wa Kariakoo kwa Picha ya Mpiganaji

Kwa mwaka mzima nilikuwa nikitafuta mtu wa kuaminika wa kuitengenezea fremu picha ya baba yangu, aliyepigana Vita vya Kagera dhidi ya Uganda ya Idi Amin. Baada ya kuhudumiwa na fundi mmoja wa Kariakoo mwezi Julai, naona ni haki nieleze kwa kirefu kazi aliyoifanya, kwa sababu najua zipo familia nyingi hapa Dar es Salaam zenye picha ya namna hiyo ndani ya bahasha ya kaki, chini ya nguo, kabatini. Kibanda chake hakina bango. Kipo katika uchochoro unaotokea Mtaa wa Swahili, na majirani humwelekeza mteja kwa kusema tu, "Nenda kwa fundi fremu."

Picha yenyewe ilipigwa studio mjini Kampala katikati ya mwaka 1979, wiki chache baada ya jeshi letu kuuteka mji huo Aprili 11. Ni nyeusi na nyeupe, ina ukubwa wa kiganja, na baba yupo peke yake, amevaa sare iliyompwaya mabegani, mikono ameishusha, hana silaha. Kona moja imeliwa na mchwa, ukungu umeacha madoa ya kahawia, na mkunjo umepita begani kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mafundi wawili niliowaendea kabla ya hapo waliitazama wakaniambia nilete picha nyingine. Huyu aliipokea kwa mikono miwili, akailaza juu ya kitambaa cheupe, akamwamkia baba, "Shikamoo mzee wangu," kisha akamuuliza, "Hapa ulikuwa umetoka wapi?"

Baba si msemaji. Alijibu kwa kutaja mahali tu: Kyaka, ambako daraja lilibomolewa na majeshi ya Amin mwanzoni mwa Novemba 1978, Mutukula, Masaka, Lukaya na kinamasi chake, halafu Kampala. Fundi hakumdakiza wala hakumtaka asimulie mapigano. Aliyaandika majina hayo pembeni mwa daftari lake la oda, na mimi, niliyekulia katika nyumba ya mtu huyu, nilikuwa nikiyasikia kwa mpangilio ule kwa mara ya kwanza.

Kazi haikuanza vizuri, na hilo sina budi kulisema. Kusafisha picha hufanywa na kijana wa kompyuta anayeshirikiana na fundi, na tuliporudi baada ya siku tatu kuitazama nakala ya kwanza tulikuta amemwekea baba bendera nyuma yake pamoja na vifaru viwili, amemng'arisha uso, na kovu lililo juu ya nyusi ya kushoto amelifuta kabisa. Bila shaka alidhani anamheshimisha. Baba aliishika nakala ile kwa muda, akairudisha mezani. "Huyu simjui," alisema. Kisha akamgeukia yule kijana bila ukali wowote: "Mwanangu, vifaru niliviona vikiwaka moto, na watu walikuwamo ndani. Viondoe."

Kijana aliomba radhi, fundi naye akaomba radhi, na nakala ya pili ilitolewa bila kudaiwa hata shilingi moja. Safari hii mkunjo na madoa vimeondolewa, kovu limebaki mahali pake, na nyuma ya baba pana pazia lilelile la studio. Imechapwa kwenye karatasi isiyong'aa, hivyo hata taa ya sebuleni ikiwaka uso unaonekana vizuri. Picha ya asili nilirudishiwa siku hiyohiyo, ndani ya bahasha mpya, pamoja na onyo la kutoiweka karibu na ukuta wenye unyevu, jambo la maana sana katika jiji lenye hewa ya chumvi kama letu.

Ninalisisitiza hili la vifaru kwa sababu ndipo wengi wetu tunapokosea tunapotaka kuwaenzi wapiganaji wetu: tunaipamba vita badala ya kumtazama mtu. Baba hajawahi kuitilia shaka sababu ya wao kwenda Kagera, kwani nchi ilikuwa imevamiwa na raia wa Kagera walikuwa wameuawa na kufukuzwa majumbani mwao. Lakini sijawahi kumsikia akitamani vita ile irudi, hata kwa maneno ya kujigamba. Anakumbuka pia gharama yake kwa waliobaki nyumbani, pale Mwalimu Nyerere alipolitangazia taifa kufunga mkanda kwa miezi 18, na mama akawa anapanga foleni ya sabuni.

Sehemu iliyonifanya niandike maoni haya ilianza kwa swali la baba kuhusu kitakachokaa mgongoni mwa fremu. Fundi alimjibu kwamba kwa kawaida hupigiliwa plaiwudi. Baba akauliza kama huko nyuma panaweza kupatikana nafasi ya kuandika majina ya wenzake ambao hawakurudi, majina 11, kwa mwandiko wake mwenyewe, na yaweze kusomeka bila fremu kubomolewa. Fundi alifikiri, akachukua penseli, akachora. Alichobuni ni fremu yenye kioo mbele na nyuma, iliyofungwa kwa bawaba mbili ndogo kwenye ubao unaobaki ukutani, hivyo unaivuta kidogo tu na inafunguka kama dirisha. Upande mmoja yupo baba na upande wa pili yapo majina.

Alimpa karatasi nene na kiti, akazima redio. Baba aliandika kwa kalamu ya wino mweusi, herufi kubwa, polepole kama mtu anayejaza fomu ya serikali. Alipofika jina la saba alisimama. Alilijua jina la kwanza la yule mwenzake na jina la utani ambalo kikosi kizima kilimwita, lakini jina la baba yake hakuwahi kulijua. Fundi alipendekeza aandike lile la utani. Baba alikataa, akasema mtu hawezi kukaa ukutani miaka yote kwa jina la mzaha, akaandika jina la kwanza na kuacha nafasi wazi mbele yake. Nafasi hiyo ipo hadi leo, na tumeshaanza kuwauliza wapiganaji wenzake waliobaki kama yupo anayemjua.

Tulipokuwa tukisubiri wino ukauke nilikumbuka mahali tulipoketi. Kariakoo ni Carrier Corps iliyotamkwa kwa Kiswahili, kikosi cha wapagazi ambao Waingereza waliwaweka hapa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na makumi ya maelfu ya wapagazi wa vita ile walikufa, wengi kwa maradhi na uchovu kuliko kwa risasi. Mwendo mfupi kutoka hapo, kwenye mzunguko wa Mtaa wa Samora, ipo Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927, na maandishi yake kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu yanawakumbuka wapagazi hao kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Ni maneno ya heshima. Hata hivyo, hakuna mpagazi hata mmoja aliyetajwa kwa jina pale, na karatasi moja ya baba, yenye nafasi moja wazi, ilinionyesha ukubwa wa pengo hilo kuliko nilivyowahi kulielewa nikipita pale kwa daladala.

Kuhusu ubora wa kazi, mbao ni mninga uliopigwa msasa vizuri na vanishi isiyo nzito, pembe zimekutana bila nafasi, na picha imetengwa na kioo kwa kadi nene iliyokatwa katikati ili isigandie kioo wakati wa masika. Bawaba ya juu ilikuwa ikikwaruza mwanzoni, ikarekebishwa palepale. Bei ilikuwa shilingi 85,000 pamoja na kusafisha picha, nami naiona ni ya haki. Kilichoniuma ni ucheleweshaji. Nilikuwa nimeahidiwa fremu Julai 22 ili iwe ukutani Siku ya Mashujaa, Julai 25, nikaipata Julai 28. Siku ya Mashujaa tulitazama kwenye televisheni mkuki na ngao vikiwekwa kwenye mnara huku ukuta wetu ukiwa na misumari mitupu, na nilimweleza fundi wazi kwamba tarehe ile haikuwa ya kuchezea. Alikubali kosa. Anayehitaji kazi kama hii kwa ajili ya Julai mwakani apeleke picha mwezi Mei.

Tulipokwenda kuichukua nilibeba pia picha ya mdogo wangu akiwa na kofia ya buluu ya Umoja wa Mataifa, kwa kuwa alitumikia katika ulinzi wa amani mashariki mwa Kongo, nchi ambako wanajeshi wetu waliuawa huko Semuliki Desemba 2017. Yeye alirudi salama, na wote aliokuwa nao walirudi. Fundi alimuuliza baba kama na hii aitengeneze kwa vioo viwili na bawaba.

"Hapana, mwanangu," baba alijibu. "Huyu hana majina ya kuandika nyuma, na Mungu amjalie asiwe nayo. Wewe pigilia plaiwudi."

Tumelipia shilingi 40,000, na itakuwa tayari wiki ijayo.