Tahadhari ya joto kwenye swichi ya mtandao: kupandisha kikomo au kuweka muda wa kusubiri?

Kabati la swichi pale Mafinga likituma tahadhari ya nyuzi 45 kila mchana, wengi hupandisha kikomo hadi 55. Simu hutulia, lakini feni iliyojaa vumbi la kiangazi huendelea kuzidiwa, nawe hujui. Afadhali uache 45 na uweke sharti: joto lidumu dakika 10 ndipo ujumbe utoke, na tahadhari ifungwe likishuka chini ya 42. Pengo hilo la nyuzi 3 huzuia ujumbe kuja na kuondoka mfululizo.

Feni ikisimama kabisa, usisubiri hata dakika moja. Kasi yake iwe na tahadhari yake pekee. Kikomo kipandishwe tu kama mtengenezaji anaruhusu na kichujio cha vumbi kimeshasafishwa. Baridi ya Julai huficha tatizo, hivyo soma vipimo vya saa nane mchana.