Presha kuka ya umeme ya lita 6: maharage ndiyo, ugali hapana

Kwa nyumba ya watu watano au sita inayopikia mkaa, presha kuka ya umeme ya lita 6, wati 1,000, inastahili kununuliwa kabla ya jiko lolote jingine la umeme. Sababu ni vyakula vigumu, ndivyo vinavyomaliza mkaa.

Nusu kilo ya maharage makavu kwa lita moja na nusu ya maji huiva kwa dakika 40 hadi 45 za presha. Yakilowekwa usiku kucha, dakika 20 zinatosha. Umeme unaoliwa kwa kawaida haufiki nusu uniti, kwa sababu kitako huvuta moto wote wakati wa kupandisha presha tu. Baada ya hapo huwaka na kuzima. Makande, kongoro na utumbo, vivyo hivyo. Mbeya, ambako maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 95, faida yake juu ya mkaa ni kubwa zaidi, ingawa huko uongeze dakika kidogo.

Ugali usihangaike nao. Sufuria ya ndani huzunguka ukisonga, na mwiko wa nguvu huchubua rangi yake ya kuzuia kugandia. Chapati pia hapana. Basi mkaa utapungua, hautaisha, na upungufu huo si mdogo: kwenye tanuri la udongo, kilo moja ya mkaa hula kuni kilo 5 hadi 10, na moshi wake hutoka na methani, gesi inayoongeza joto duniani, kwa kuwa kuni huungua kwa hewa haba.

Tanzania imejiwekea lengo la asilimia 80 ya watu kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na bwawa la umeme la Julius Nyerere pale Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115. Kinachokwaza ni bei. Mteja wa D1, kundi la TANESCO la wanaotumia umeme kidogo nyumbani, hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Zinazozidi ni shilingi 350, kodi bado. Kupika kwa uniti moja kwa siku ni uniti 30. Aliyekuwa anatumia 40 yuko salama. Aliyekuwa anatumia 60 ameshavuka, yaani anaadhibiwa kwa kuacha mkaa. Ingefaa uniti za kupikia zihesabiwe pembeni.

Hitilafu nyingine huanzia kwenye waya. Ampea 4 na ushee za kuka kwenye ekstensheni nyembamba inayobeba na pasi huweza kuyeyusha plagi, chomeka ukutani. Umeme ukishuka hadi volti 180, nguvu hubaki kama wati 610, presha inachelewa kupanda, lakini kifaa ni kizima. Ukikatika katikati, usifungue: joto la ndani huendelea kupika. Ukirudi, baadhi ya aina hazijiendelezi zenyewe, bonyeza upya.

Maharage yasivuke nusu ya sufuria, maana povu huziba valvu ya kutolea mvuke. Safisha tundu lake kila baada ya kupika, na usilazimishe mfuniko kabla pini inayoonyesha presha haijashuka. Mvuke ukitoka pembeni, mpira wa mfuniko umekakamaa. Maji yatakauka na chakula kitaungua. Nunua mpira wa akiba siku hiyohiyo unaponunua kuka, dukani hapohapo, upimwe kwenye mfuniko wako, kwa sababu mipira ya lita 6 haifanani.