Brokeji ya dinari ya Roma: kosa ninalolipenda kuliko yote

Haya watazamaji, tazameni hapa. Dinari ya fedha ya Jamhuri ya Roma. Upande huu mungu wa kike Roma, kofia ya mabawa, anatazama kulia. Naigeuza... Roma tena! Ila huku amezama ndani na anatazama kushoto. Wapandafarasi wawili waliotakiwa kuwa hapa hawapo kabisa. Hiyo ndiyo brokeji.

Historia ya dinari mnaijua, tuingie kwenye kosa lenyewe. Muhuri wa kichwa, yaani kifaa kilichochongwa picha ya kupigia sarafu, ulikaa chini, kwenye fuawe. Wa nyuma fundi aliushika mkononi, ukagongwa nyundo. Sarafu ikinasa kwenye muhuri wa juu, ni rahisi isionekane, na kisahani kinachofuata (kipande cha fedha ambacho bado hakijapigwa) kinapigwa kichwa pande zote mbili: chini na muhuri, juu na sarafu iliyonasa. Ikinasa chini inaonekana upesi, ndiyo maana brokeji za kichwa ni nyingi zaidi.

Sasa msiondoke. Taa ikiwa juu, mnaona shimo. Naishusha, mwanga utokee chini... mmeona uso ulivyoinuka? Hapo napiga picha, naigeuza kushoto-kulia kwenye simu, naiweka kando ya upande wa kwanza. Hereni, mabawa, nywele, vyote vinalingana, kwa sababu kwa kawaida vimetoka kwenye muhuri mmoja. Uso uliozama ukiwa mpana na umefifia, msiukatae haraka: sarafu iliyonasa hubondeka na kutanuka kila nyundo inapotua. Na ukiwa umezunguka pembe nyingine ni sawa, muhuri wa juu ulikuwa huru mkononi.

Wengine hukandamiza plastisini ili wapate nakala. Mimi sishauri: fedha ya kale huwa imedhoofika ndani na huvunjika, na plastisini yenye salfa huitia weusi.

Kinachoniudhi ni wauzaji wanaoita brokeji kila sarafu iliyogongwa pembeni, halafu bei inapaa. Hapana! Bila picha iliyozama na kugeuka kama ya kwenye kioo, msilipe bei ya brokeji. Kagueni ukingo kwa lenzi ya mara 10: mstari wa kiungo na vitundu vya mapovu maana yake imemiminwa kwenye kalibu, haikupigwa, yaani ni bandia. Mizani isome karibu gramu 3.9, pungufu kidogo kama imechakaa.

Kasoro yake moja ni kwamba jina la msimamizi wa utengenezaji wa sarafu mara nyingi liko upande wa nyuma, kwa hiyo limepotea. Kwangu bado inaishinda brokeji yoyote yenye picha ya upande wa nyuma mara mbili.

Video ijayo ni mihuri iliyogongana bila kisahani katikati. Mwenye brokeji aweke picha kwenye maoni: pande zote mbili, na ukingo.