Engare Sero kwa siku moja: masaa mawili tuliyopotezewa getini

Wiki kadhaa zimepita na hasira haijaniisha. Nilijiambia nisubiri ipoe, nimtendee haki yule bwana aliyetupangia safari ya maporomoko ya korongo la Engare Sero, karibu na Ziwa Natron, lakini kila nikipita kibarazani na kuviona viatu vya mama mkubwa vikiwa bado na lile jivu la kijivu, naanza upya.

Tulikuwa sita: mimi na mume wangu, mdogo wangu na mkewe, rafiki yangu wa kazini, na mama mkubwa. Mama mkubwa ana miaka 61, mtu wa Uru, Moshi, amestaafu ualimu juzijuzi. Amefundisha jiografia miaka yote hiyo, amechora Bonde la Ufa ubaoni kwa chaki mara sijui ngapi, na hajawahi kusimama chini ya ukingo wake akautazama. Safari ilikuwa yake. Sisi wengine tulikuwa wasindikizaji.

Tulimpata mpangaji mmoja hapa Arusha mjini, ana ofisi ndogo na magari ya kukodi. Jina lake halina haja hapa. Bei aliyotupa ni shilingi 180,000 kwa kila kichwa. Nilimuuliza kwa mdomo, nikamuuliza tena kwa ujumbe: bei hii ina nini ndani? Akajibu, "Dada, kila kitu kimo. Nyie njooni na nguo za kubadili." Ujumbe ninao mpaka leo. Kwenye ratiba aliandika maporomoko, heroe wa Ziwa Natron, na nyayo za watu wa kale zilizogandia kwenye jivu la volkano, vyote siku hiyo hiyo, na kurudi Arusha kabla ya saa moja usiku. Ningekuwa nimewahi kupita ile njia, ningejua pale pale kwamba haiwezekani. Lakini yeye anaijua. Hiyo ndiyo kazi yake.

Tuliondoka saa kumi alfajiri. Mpaka Makuyuni, halafu Mto wa Mbu, ni lami, mtu anasinzia. Ukiiacha lami hapo Mto wa Mbu ukaelekea kaskazini, mambo yanabadilika: vumbi, mawe, makorongo ya maji ya mvua yanayokata njia, na ukingo wa Bonde la Ufa umesimama kushoto kwako kama ukuta usio na mwisho. Dereva alikuwa kijana mstaarabu sana. Niliseme hilo mapema, lisije likapotea huko mbele. Alikuwa anapunguza mwendo kila akiona shimo, anageuka, "Mama, shika hapo."

Tulifika geti la Engaruka kama saa moja na nusu asubuhi. Kuna vizuizi vya halmashauri kwenye njia ile, na si kimoja, kila mgeni analipa, mwenyeji naye analipa kwa kiwango chake. Hilo halina tatizo. Dereva alizima gari, akakaa kimya, akatutazama kwenye kioo, akasema kwa sauti ya chini, "Jamani, mimi sijapewa hela ya geti."

Nikadhani sijasikia vizuri. Akarudia. Bosi wake alimwambia wageni watalipa wenyewe.

Tukapiga simu. Haipokelewi. Mtandao wenyewe pale ni wa kutafuta, ikabidi mume wangu na mdogo wangu wapande kilima kidogo nyuma ya geti, wasimame wameinua simu juu. Kijana wa getini, Mungu ambariki, alituletea benchi kivulini na kumpa mama mkubwa maji ya kunywa. Alisema hawezi kutupitisha bila risiti, kazi yake ni hiyo, na hakuna hata mmoja wetu aliyemlaumu. Nusu saa ikapita. Saa nzima ikapita. Magari ya wenzetu yanafika, yanalipa, kizuizi kinainuliwa, yanapita, vumbi lao linatushukia sisi tuliokaa kwenye benchi.

Simu ilipopokelewa, nikaweka spika ili wote tusikie. Nilimsalimia vizuri kabisa. Nikamsomea ujumbe wake mwenyewe. Akasema "kila kitu" maana yake gari, mafuta, chakula na dereva, kila mtu anajua hivyo. Nikamwambia sisi hatukujua. Ndipo akatutajia Materuni, maporomoko ya huko huko Uru, kwa maneno ambayo sijayameza mpaka leo: "Kama hela ya geti inawashinda, si mngeenda Materuni tu? Kule ndiko kwenu watu wa bajeti."

Mama mkubwa alinyoosha mkono, nikampa simu. Hakupandisha sauti. "Mwanangu, Materuni ndiko nilikozaliwa. Yale maji nimeyachota na ndoo kichwani nikiwa na miaka saba. Sikuja huku kwa kukosa pa kwenda. Nimekuja kwa sababu nilikulipa."

Akakata simu. Alimkatia simu mama wa miaka 61 aliyemwita mwanangu.

Tulikusanya taslimu za mifukoni, nyingine zikatoka kwa simu pale kilimani mtandao ulipokubali, tukalipa. Ilikuwa saa tatu na nusu. Masaa mawili kamili.

Nimesoma maoni mengi ya safari, najua wapo watakaosema masaa mawili si kitu, Mswahili na muda. Lakini lile korongo halikusubiri. Tulifika Engare Sero karibu saa sita mchana, jua la kule chini linachoma, hakuna upepo. Mwongozaji wa kijiji, kijana wa Kimasai mwenye fimbo na katambuga za tairi, alitazama kwanza juu, upande wa nyanda za Ngorongoro, kabla hata hajatusalimia. Vuli zilikuwa zinaanza. Kule juu wingu lilikuwa limeshakaa.

Sasa hapa niseme ukweli, kwa sababu sitaki hasira inifanye niseme uongo. Korongo la Engare Sero ni kitu ambacho sijawahi kukiona. Unaingia kati ya kuta mbili za mwamba wa volkano, tabaka juu ya tabaka, nyeusi, ya majivu, ya kahawia, na mto unapita katikati. Njia ni mto wenyewe. Unauvuka kushoto, unaurudia kulia, maji magotini, mahali pengine mapajani. Mwongozaji alikuwa anapima kila jiwe kwa fimbo kabla hajalikanyaga. Mama mkubwa alishikwa naye kifundo cha mkono, si kiganja. Nilipomuuliza kwa nini, akasema kiganja chenye maji kinateleza, kifundo hakitelezi. Alimwita yeyo, kama Wamasai wanavyowaita mama zao. "Yeyo, mguu hapa. Yeyo, pumzika." Kwenye mwamba mmoja mwembamba alipita kwanza, akarudi, akapita naye tena.

Poromoko la kwanza linatoka kwenye mwamba kama limetobolewa, mikindu imeota pembeni. Mama mkubwa aliingia na gauni lake lote. Alisimama pale maji yakimpiga mabegani, macho amefumba, midomo inatembea. Sikumuuliza anasema nini.

Lipo lingine juu zaidi, na hilo ndilo tulilokuwa tumekusudia. Mwongozaji alitazama juu tena, akatikisa kichwa. Mvua ikinyesha huko nyanda za juu, mto unajaa huku chini kukiwa na jua vilevile, na ndani ya korongo hakuna pa kukimbilia. "Mngefika saa nne tungepanda," alisema. Bila masaa mawili ya getini, saa nne ndiyo tungekuwa tunaingia. Mama mkubwa hakubisha. Alisema tu, "Haya baba," akageuka. Uso wake wakati ule ndio unaonifanya niandike haya yote.

Nyayo hatukuziona. Heroe tuliwaona kwa mbali, mstari wa waridi kwenye ukungu wa joto la ziwa. Wakati wa kurudi dereva alisimamisha gari mbele ya Ol Doinyo Lengai, mlima wa volkano, bila kuombwa. Mama mkubwa alidhani kile cheupe kileleni ni theluji, kama Kibo. Dereva akamweleza ni lava: inatoka nyeusi, nyepesi kama maji ya tope, na joto lake ni kama nusu ya lava za volkano nyingine, halafu ikipata unyevu inageuka nyeupe. Mama mkubwa alimuuliza maswali njia nzima mpaka Selela. Mimi nikakumbuka Julai 2007, ardhi ilivyotikisika tukatoka ndani mbio hapa Arusha, na kumbe ni huu mlima uliokuwa unajiandaa kulipuka. Tulifika nyumbani saa tano usiku.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimeamua kumpa mpangaji nyota tatu. Gari halikuharibika. Chakula kilikuwepo, wali na kuku, kilitosha. Dereva ni hazina na anastahili bosi mwingine. Halafu nimefika pale pa simu, nikaisikia tena ile sauti. Tatu za nini? Nampa moja, na hiyo ni ya dereva. Mpangaji alipoulizwa hela yetu ya geti alirudisha nusu, akasema nusu nyingine ni "makosa ya pande zote mbili." Kosa letu lilikuwa lipi, kuamini alichoandika kwa mkono wake?

Anayetaka kwenda, nenda. Usiache kwa sababu yangu. Ila muulize mpangaji wako geti kwa geti, nani analipa, na dereva aondoke mjini hela ikiwa mfukoni mwake. Na usikubali kuambiwa siku moja inatosha. Lala Engare Sero, au angalau Mto wa Mbu, uingie korongoni asubuhi jua halijakaza. Viatu viwe vya kufunga, ambavyo huvionei huruma vikilowa, na mwongozaji awe wa kijiji. Akikuambia hapa basi, geuka.

Mama mkubwa ananiuliza kila Jumapili tukitoka kanisani: lini? Nimemwambia Juni, masika ikishapita. Dereva ameshasema ataomba ruhusa. Yule kijana wa katambuga tumemtumia ujumbe, akajibu neno moja tu, kwamba fimbo ya yeyo ataichonga mwenyewe.