Programu ya kuhariri picha: kabla ya kulipa, uliza kazi yako italala wapi

Harusi ile nilikuwa nimeshaimaliza. Picha 812, ngozi zimekaa sawa, gauni jeupe halijaungua kwa mwanga hata kwenye zile za jua kali. Nikanunua kompyuta mpya, nikahamishia folda zote huko, nikafungua. Picha zikaja mbichi kama zilivyotoka kwenye kamera. Kumbe siku tisa za kazi zilikuwa zimehifadhiwa kwenye faili moja ya katalogi, ile daftari ambamo programu inaorodhesha picha zako na ulichozifanyia, iliyobaki kwenye diski ya zamani, na diski hiyo nilikuwa nimeifuta mwenyewe asubuhi ileile, huku naimba. Nikawaandikia wauzaji wa programu, ambao jina lao naliacha. Baada ya siku nne wakanijibu kwamba ni vizuri kuwa na nakala ya akiba.

Kwa hiyo kama umekuja hapa kujua ipi inaondoa chunusi vizuri au ipi ina priseti nyingi, yale marekebisho yaliyopangwa tayari, hapa umepotea njia. Programu zote kubwa zinaondoa chunusi. Swali langu ni moja tu: kazi niliyoifanya inalala wapi?

Programu inayofungua faili ghafi, zile tunazoziita RAW, haigusi picha yenyewe. Inaandika maelekezo pembeni: ongeza mwanga kiasi hiki, punguza njano, kata hapa. Picha unayoiona kwenye skrini ni faili ghafi pamoja na maelekezo hayo. Maelekezo yakikaa ndani ya katalogi, ukihamisha picha bila katalogi umehamisha nusu ya mali yako. Yakikaa kwenye kifaili kidogo kando ya picha, yanakwenda inakokwenda picha. Sijaona muuzaji hata mmoja aliyeliandika hili kwenye tangazo. Wao ni akili bandia juu, akili bandia chini.

Na hata maelekezo yakisafiri, programu nyingine haiyaelewi vilevile, maana kila moja ina hesabu zake za rangi. Waliotumia Aperture, programu ya Apple ya kuhariri picha, wanajua. Apple ilianza kuiuza 2005, ikatangaza 2014 kwamba haitaiendeleza, na 2015 ikaiondoa dukani. Tangu macOS Catalina, mfumo wa kompyuta za Mac wa 2019, haifunguki kabisa. Watu waliokuwa na miaka kumi ya kazi humo walipohamia programu za makampuni mengine walibeba faili ghafi na nyota walizozipa picha, lakini rangi walizozihangaikia usiku kucha ziliishia hukohuko.

Mimi napendelea Capture One, wala sifichi. Sababu si rangi zake za ngozi, ingawa ni nzuri. Ni ule utaratibu unaoitwa sesheni. Unafungua sesheni moja kwa kila kazi, nayo inakutengenezea folda: picha zinazoingia, zilizochaguliwa, zilizokamilika, za kutupa. Maelekezo yote yanakaa humo humo, kwenye folda ndogo inayoitwa CaptureOne kando ya picha. Ukimaliza harusi, unanakili folda moja kwenye diski ya nje, basi. Ukiifungua mwaka ujao kwenye kompyuta nyingine, unaikuta ulivyoiacha. Ukipiga picha kamera ikiwa imeungwa na kompyuta kwa waya, mteja anaangalia kwenye skrini wakati huohuo, na hapo sijaona wa kuishinda. Inayo katalogi pia, achana nayo. Na mwambie msaidizi wako asiifute ile folda ndogo akidhani ni takataka. Wangu aliwahi, tukagombana.

Kasoro yake ni bei. Ni ghali, na tangu 2023 ukinunua leseni ya kudumu, ile ya kulipa mara moja, hupati tena vipengele vipya vinavyotoka baadaye, unabaki na toleo lako. Liliniuma, lakini bado ndiyo nalipia.

Ya pili ni Lightroom Classic, na hapa najua nitapigiwa kelele kwamba ingekuwa ya kwanza. Ndiyo inayotumiwa na wengi, inapanga picha maelfu kwa maelfu bila kutoka jasho, na ukikwama utapata wa kumuuliza. Lakini kila kitu kinalala kwenye katalogi, ambayo faili yake kuu ina mkia .lrcat. Ipo sehemu kwenye mipangilio ya kuiamuru iandike pia kifaili cha maelekezo kiitwacho XMP kando ya kila picha, ila huja ikiwa imezimwa. Iwashe siku ya kwanza. Hata hivyo XMP haibebi makusanyo yako, yaani makundi ya picha uliyoyapanga ndani ya programu, wala zile nakala pepe, yaani matoleo kadhaa ya picha moja bila kunakili faili. Na ile nakala ya akiba inayokuomba uifanye unapofunga programu ni ya katalogi tu, picha hazimo. Wangapi wanalijua hilo?

Halafu kuna suala la kukodi programu badala ya kuinunua. Lightroom 6 ya 2015 ndiyo ilikuwa ya mwisho kununuliwa mara moja. Leo ukiacha kulipa, Classic inafunguka, unaziona picha na unaweza kuzitoa, ila chumba cha kuhariri kinafungwa. Mteja akirudi kutaka albamu ileile irekebishwe upya kwa makini, lipa kwanza.

Ya tatu, DxO PhotoLab ya Ufaransa. Inanunuliwa mara moja, inaandika kifaili cha .dop kando ya picha, na kwa kusafisha chengachenga za picha za gizani, ile DeepPRIME yao ni kiboko. Ningeipandisha juu kama ningekuwa napiga kumbi za usiku tu.

Za bure: darktable na RawTherapee. Zote zinaandika vifaili kando ya picha, kwa hiyo swali langu zinalijibu vizuri kuliko baadhi ya za pesa. Kujifunza kwake kunataka subira ambayo mimi sina.

Usinunue mbuzi kwenye gunia. Zile za kulipia zina muda wa majaribio. Hariri picha kumi, nakili folda kwenye kompyuta nyingine, fungua. Na kazi iliyokwisha kabisa itoe pia kama TIFF ya biti 16, yaani picha kamili ambayo rangi zako zimeshaingizwa ndani yake, maana hiyo karibu kila programu ya kuhariri itaifungua bila kuibadilisha. Kamera ya megapikseli 24 itakupa faili ya karibu MB 144 kwa picha moja, kwa hiyo fanya hivyo kwa zile za albamu tu, si zote 812.

Donge langu la mwisho ni la kamera mpya. Unanunua kamera, unakuta programu uliyoilipia haisomi faili zake, unaambiwa nunua toleo jipya. Adobe wanatoa bure programu ndogo iitwayo DNG Converter, inayogeuza faili hizo kuwa DNG, aina ya faili ghafi iliyobuniwa na Adobe, ambazo matoleo yao ya zamani yanazisoma. Kwa programu za wengine ijaribu kwanza kwa picha mbili tatu uone rangi. Mimi nilikuja kuijua wiki moja baada ya kulipia toleo jipya.